Unga wa Nani Umwagike?

Barua pepe iliingia Jumanne saa kumi na dakika arobaini, wakati nusu ya ofisi ilikuwa tayari imeanza kukusanya mikoba. Kikao cha wote, kesho saa mbili asubuhi, kuhudhuria ni lazima. Hakuna aliyeuliza ni cha nini. Ukiitwa kikao cha lazima siku hizi, hata chai ya bure haishuki kooni.

Kesho yake tukaambiwa. Biashara imekuwa ngumu, gharama zimepanda, na kuna programu mpya itakayojibu maswali ya wateja. Idara yetu ina watu 31. Tisa wataenda. Majina yatatoka mwisho wa mwezi. Afisa wa wafanyakazi akatushukuru kwa uvumilivu wetu, kana kwamba kuna mtu alikuwa ametuomba tuvumilie.

Jioni hiyo, ndani ya matatu ya Rongai, muziki ukitikisa vioo, nilifanya kitu ambacho sikuwa nimefanya kwa muda mrefu. Niliomba. "Mungu, isiwe mimi." Nilirudia hivyo tangu mjini. Tulipokwama kwenye foleni pale Bomas ndipo nikasikia maneno yangu mwenyewe. Tisa ni tisa. Sikuwa nimeomba wote 31 tubaki. Nilikuwa naomba jina langu lifutwe, na likifutwa, lazima jingine liandikwe mahali pake. Jina la mtu ambaye nimekula naye chapati madondo kwa miaka minne.

Swali hilo limeninyima usingizi kuliko hata kodi ya nyumba: je, ni vibaya kutamani unga wa mwenzako umwagike ili wako ubaki?

Mama yangu haoni ugumu wowote hapa. Nilipompigia simu alisema, "Mwanangu, riziki yako hakuna wa kuila. Wewe omba tu." Naiheshimu imani hiyo, kwa sababu ndiyo iliyonilea. Ilitulisha miaka ambayo hesabu za kawaida zilikuwa zimekataa. Lakini orodha hii haiandikwi mbinguni. Inaandikwa ghorofa ya tatu, na mtu aliye na laptopu na kikombe cha kahawa. Siwezi kumsukumia Mungu kazi ya mtu ninayepishana naye kwenye ngazi.

Nikajipa mtihani mdogo. Tuseme bosi anakuja kesho na kutangaza kwamba hakuna anayeenda, wote tunabaki. Ningefurahi, ama ningehisi nimenyimwa kitu? Ningefurahi, tena sana. Kumbe basi sitamani mwenzangu aumie. Natamani kupona, na kuumia kwake ni bei ambayo mtu mwingine amepanga. Ukisikia moto umewaka kwenye ploti yenu, utaomba isiwe nyumba yako kabla hujawaza la jirani. Hiyo si roho mbaya. Ni roho tu, na roho huanza kwa mwenyewe.

Ningeishia hapo ningelala vizuri. Shida ni kwamba matamanio hayakai kifuani yakitulia. Yanashuka hadi machoni. Wiki hiyo nilianza kuwapima watu. Huyu huchelewa. Yule hana watoto. Yule mwingine mumewe ana kazi nzuri, akienda hawatalala njaa. Nikajikuta nimeshaandika orodha yangu kichwani, majina tisa kamili, na langu halikuwemo. Ghorofa ya tatu ilikuwa imehamia kichwani mwangu, na hakuna aliyenilipa kwa kazi hiyo.

Halafu ikaja Alhamisi. Msimamizi wetu aliniita, akafunga mlango, akaniuliza mambo mawili matatu kuhusu kazi. Kisha, kama mtu anayeuliza hali ya hewa, akasema, "Na mwenzako wa meza ya dirishani, anaendeleaje?"

Mwenzangu huyo amekuwa akichelewa tangu mwaka uanze. Mamake anasafishwa figo mara mbili kwa wiki, na yeye ndiye humpeleka. Mimi ndiye humpokelea simu za asubuhi. Najua kila kitu. Nilisema, "Yuko sawa." Ni ukweli, kwa sababu kazi yake huwa inakamilika, hata kama ni usiku. Lakini kabla ya kusema nilinyamaza. Sekunde mbili, labda tatu. Msimamizi akaniangalia, akaandika kitu.

Kimya hicho ndicho ninachojishtaki nacho. Sikudanganya wala sikumchongea mtu. Nilichelewa tu kumtetea, na nilijua kabisa kwamba kuchelewa huko ni jibu. Hapo ndipo ninapouona mpaka sasa. Kutamani upone si kosa. Kosa linaanza pale tamaa hiyo inapopata mdomo, ama inapojua ni wakati gani wa kuufunga.

Epiktetosi, mwanafalsafa aliyeanza maisha kama mtumwa katika dola la Roma, alifundisha kwamba kuna mambo yaliyo mikononi mwetu na mengine yasiyo. Orodha haiko mikononi mwangu. Ulimi wangu uko. Seneca naye alishauri mtu atenge siku chache ale chakula duni na kuvaa nguo duni, kisha ajiulize kama hicho ndicho alichokuwa anakiogopa. Ushauri mzuri, ila Seneca alikuwa tajiri. Mimi githeri si mazoezi, ni chakula changu cha Jumatatu hadi Ijumaa. Na ninachoogopa si njaa yangu peke yangu. Kuna mdogo wangu aliye Kidato cha Tatu, na kuna zile elfu mbili ninazomtumia mama kila mwezi. Kwa wengi wetu mshahara ni wa mtu mmoja kwenye karatasi tu. Ukipigwa kalamu, kalamu hiyo inafika hadi kijijini.

Kuna jambo jingine linalonisumbua na falsafa ya kukubali yasiyo mikononi mwako. Mabosi wanaipenda sana. Kabla hujakubali kwamba jambo haliko mikononi mwako, hakikisha kwanza, maana huenda liko, kidogo. Mimi nilihakikisha. Nilisoma Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 40. Mwajiri anayepunguza wafanyakazi hachagui tu anayemchukia. Anatakiwa kuzingatia muda ambao mtu amefanya kazi, ujuzi wake, uwezo wake na kutegemeka kwake. Anatoa notisi ya mwezi mmoja, na afisa wa leba naye anajulishwa. Siku za likizo ambazo hujachukua zinalipwa kwa pesa. Na kwa kila mwaka uliokamilisha, unalipwa si chini ya malipo ya siku 15. Miaka yangu minne ni siku 60. Si nyingi, lakini ni zangu, si hisani ya mtu.

Kusoma huko kulinifanya nione kwamba nilikuwa nauliza swali lililokuwa limepinda. Nilikuwa nauliza, "Ni nani aende?" Swali hilo linatugeuza watu 31 kuwa mahasimu 31. Swali la haki ni, "Wanaoenda wanachaguliwaje?" Hilo tunaweza kuliuliza pamoja, anayebaki na anayeenda. Basi tukaandika barua ya kuomba vigezo viwekwe wazi. Watu 19 walitia sahihi. Wengine waliogopa, na siwalaumu. Mimi mwenyewe nilikuwa mtu wa saba, nikingoja nione nani ametangulia.

Kabla ya kutia sahihi, nilimwita mwenzangu wa dirishani tukatoka nje, pale anapouza mayai yule mama. Nikamwambia kuhusu Alhamisi, na kuhusu zile sekunde. Nilitarajia akasirike. Alivunja yai lake taratibu, akatia kachumbari, akasema, "Hata mimi niliulizwa kukuhusu."

Sikumuuliza alijibu nini. Yeye naye hakuniambia. Tulimaliza mayai, nikalipa mimi, tukarudi ndani.

Majina yanatoka Ijumaa. Nimepiga nakala za hati zangu za mshahara, nimeomba kazi mahali pawili, nimemwambia mdogo wangu ukweli ili asije akashtuka. Kwenye matatu bado naomba. Siwezi kusema nimeacha kutamani isiwe mimi. Lakini nimeongeza ombi la pili, na hilo nalisema kwa sauti ndogo ili jirani yangu wa kiti asisikie: nikiulizwa tena kuhusu mtu, nijibu mara moja.