Anayevutiwa Anadaiwa Nini?

Katika karakana za useremala hapa Lubumbashi, mteja wa siku hizi haji na vipimo. Huja na picha kwenye simu. Anataka kiti kama hiki au kabati kama lile. Fundi hutazama, hukadiria mbao na kutaja bei. Ni nadra mmoja wao kuuliza kiti kile kilibuniwa na nani, au kwa nini kilipewa umbo lile. Desturi hiyo ndiyo iliyonisukuma kwenye swali ninalolijadili hapa: mtu akivutiwa na kazi ya mbunifu mwingine na kuitumia kutengeneza yake, je, anadaiwa chochote? Na kama anadaiwa, deni hilo hulipwaje?

Wapo wasemao kwamba hadaiwi kitu. Hoja yao ina uzito. Kiti hufuata mwili wa mwanadamu, na goti la Mkongo hupinda mahali palepale linapopinda la Mjapani. Isitoshe, useremala wenyewe hufunzwa kwa kuiga: mwanafunzi humtazama fundi anavyoshika randa, naye hushika vivyo hivyo. Anayekataza kuiga amekataza kujifunza. Haya yote nayakubali. Ninachokikataa ni kudhani kwamba kila kuiga ni kwa aina moja.

Chukua mfano wa Hans Wegner, mbunifu wa Denmaki aliyezaliwa mwaka 1914, mwana wa mshona viatu. Wegner alivutiwa na viti vya Kichina vya enzi ya Ming, ambavyo egemeo na mikono yake huungana kuwa mkunjo mmoja unaomzunguka mkaaji. Mwaka 1944 alibuni kiti ambacho hadi leo kinaitwa Kiti cha China. Hakuishia hapo. Aliendelea kujiuliza ni kitu gani hasa kilichokifanya kiti kile kuwa kizuri, na kipi kingeweza kuondolewa bila kukiharibu. Mwaka 1949 alipata kiti kingine, chenye mti mmoja uliokunjwa kwa mvuke kuwa egemeo na mikono, kipande chenye umbo la herufi Y mgongoni, na kikalio kilichosukwa kwa kamba ya karatasi yenye urefu wa mita zipatazo 120. Ukikitazama kiti hicho hutasema ni cha Kichina, lakini jamaa zake utawatambua. Wegner alichukua sababu ya umbo, wala hakuchukua umbo tupu. Na katika kile cha kwanza, jina la kiti lenyewe linataja kilikotoka.

Sasa tutazame mfano ulio karibu nasi zaidi. Huko Ufaransa, katika miaka ya 1920, Pierre Legrain alitengeneza samani kwa ajili ya mbunifu wa mavazi Jacques Doucet. Baadhi ya viti vyake vilifuata waziwazi viti vya Wangombe wa kaskazini mwa Kongo. Leo vimewekwa katika makumbusho kwa jina la Legrain. Fundi wa Kingombe aliyelipata umbo lile kwanza hatujui aliitwa nani. Simlaumu Legrain kwa kuvutiwa. Kitu kizuri huvuta macho. Ninachokiona ni kwamba mapenzi yake yalifika kwenye kiti, na wengi waliokuja baada yake hawakuvuka hapo kumfikia aliyekichonga.

Mtu atasema mafundi wetu wa zamani hawakuwa na desturi ya kuandika majina. Ndiyo, lakini kutoandikwa si sawa na kutokuwapo. Katika uchongaji wa Kiluba kuna kundi la kazi, vikiwamo vigoda vinavyobebwa na sanamu ya mwanamke mwenye uso mrefu na vidole vikubwa, ambazo wataalamu wa Ulaya walizitambua kuwa zina mkono mmoja. Walimwita mchongaji huyo Bwana wa Buli, kwa kuwa baadhi ya kazi hizo zilipatikana katika kijiji cha Buli. Baadaye wazee walipoulizwa, walitaja jina: Ngongo ya Chintu. Wataalamu bado wanajadiliana kama kazi zote zile ni zake peke yake. Hata hivyo, funzo linabaki palepale. Jina lilikuwapo vinywani mwa watu. Lilichokosa ni mtu wa kuliuliza.

Kwangu jambo hili si la vitabuni tu, kwa maana nalipa sehemu ya karo kwa kufanya kazi katika karakana ya mjomba wangu. Mwaka jana alikuja mteja aliyekuwa akifungua baa. Alitaka vigoda kumi na viwili, kila kimoja kikiwa na mwanamke wa Kiluba amebeba kikalio kichwani. Malipo yalikuwa mazuri, na muhula ulikuwa unakaribia. Mjomba, ambaye ni Mluba, alinyamaza kwa muda, kisha akaniambia, “Mwanangu, yule mama hakuchongwa ili akaliwe na walevi.” Alikuwa na sababu. Kwa Waluba kigoda cha namna ile kilikuwa alama ya utawala. Mara nyingi hakikukaliwa kabisa, bali kilifungwa kwa kitambaa na kutunzwa, kikitolewa kwa nadra. Mwanamke yule hakuwa pambo. Alionyesha kwamba mamlaka ya mtawala husimama juu ya wanawake na juu ya nasaba yao.

Tulimpendekezea mteja kigoda kingine: kikalio cha duara kama kile cha zamani, kikibebwa na nguzo nne zilizopinda kwa kufuata mkunjo wa mikono ya sanamu, bila sanamu yenyewe. Alikubali sita tu, na sita wengine akaagiza kwingine. Kwa hiyo sisemi kwamba uadilifu hauna gharama. Karo ya muhula ule nililipa kwa awamu.

Je, basi tuyazungushie uzio mambo yetu? Hapana. Machifu wa Wachokwe walivutiwa na viti vya Wareno vyenye egemeo. Mafundi wao wakaitwaa fremu ile, na kwenye vipande vinavyounganisha miguu wakachonga maisha yao: barakoa, jando, uwindaji, uzazi. Hakuna anayeweza kuviita viti vile nakala. Waliazima swali, wakalijibu kwa lugha yao. Hivyo ndivyo sisi tunaoandika Kiswahili tulivyozifanyia hadithi fupi na riwaya.

Kwa maoni yangu, basi, anayevutiwa anadaiwa mambo mawili. La kwanza ni kuelewa: ajue kwa nini kitu kile kina umbo lile, ili ajue pia asichopaswa kukigusa. La pili ni kutaja: aseme alikotoa, na kama jina la mtu halijulikani, ataje watu na mahali, na aendelee kuuliza. Fundi mwenye watoto wa kulisha anaweza kuniambia kwamba maadili haya ni ya wenye nafasi. La kwanza kweli humgharimu muda. Lakini kumwambia mteja “hiki kimetoka kwa Wegner” au “hiki kimetoka kwa Wangombe” hakumgharimu hata faranga moja. Wahenga walisema mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Wachongaji wetu walinyimwa hata hiyo haki ya kutajwa, na wajukuu wao ndio wanaoweza kuanza kuwauliza wazee leo, wakati bado wapo wanaokumbuka.