Nitaandika Nini Leo?

Somo: Hesabu 33:1-49



Sura hii haihubiriwi mara nyingi. Msomaji akifika Rimon-peresi na Kehelatha ulimi unamshinda, naye mhubiri anaona afadhali arudi Bahari ya Shamu, kule maji yalikogawanyika. Lakini sisi tuna sababu ya kuisoma kuliko watu wengi, maana ni orodha ya kambi. Walisafiri, wakapiga kambi. Wakasafiri tena, wakapiga kambi. Vituo kama 40, tangu Misri hadi Moabu karibu na Yordani.

Tazameni anachoandika Musa. Elimu: chemchemi 12 na mitende 70. Refidimu: hapakuwa na maji ya kunywa. Mlima Hori: Haruni alifia hapo, umri wake miaka 123. Haya, hayo ni mambo ya kuandika. Lakini Harada? Mithka? Hapo tunaambiwa tu kwamba watu walifika, kisha wakaondoka. Wala majina hayo hayatajwi tena popote katika Biblia. Na Sinai yenyewe, palipotolewa Amri Kumi, katika orodha hii imepewa mstari mmoja tu, sawa na Mithka! Tungekuwa sisi, Mithka tungeiruka. Lakini aya ya 2 inasema kwamba Musa aliandika kwa kuamriwa na BWANA. Hata Mithka mana ilipatikana asubuhi, maana Yoshua 5:12 inatuonyesha kwamba haikukoma mpaka walipokula mazao ya Kanaani.

Tunasema haya kwa ajili ya zile fomu za Msalaba Mwekundu. Wengi wetu tulipotezana na ndugu njiani. Barua ile haifungwi, na haipokei mambo ya siasa wala ya vita. Ni habari za jamaa tu. Basi kuna mama katika ushirika wetu aliyeweka fomu yake chini ya godoro wiki tatu. Mwanawe amepatikana, yu hai, anangoja neno. Mama anasema, "Nitaandika nini? Hapa hakuna jipya. Jana kama juzi." Tulipomwuliza jana alifanya nini, akajibu kwamba alipanga kidumu kwenye foleni ya bomba, akatwanga sombe, goti likamsumbua kidogo, na mjukuu aling'oka jino akalitupa juu ya paa.

Mama yetu, kijana wako anataka hayo hayo! Mtoto aliyeachana na mama yake usiku, watu wakikimbia, anataka kujua kwamba bado unatwanga sombe, na kwamba goti ni lile lile la kushoto. Kama alikwisha kukulilia kama marehemu, foleni ya bomba kwake ni habari njema.

Wako wanaoona kwamba kuandika mambo ya kambini ni kukubali kuwa kambi ndiyo kwetu. Sisi hatuoni hivyo. Musa hakuiandika Harada kwa sababu aliipenda.

Wala hatusemi muandike mazuri peke yake. Refidimu iliandikwa na kiu yake. Unga ukipungua, andikeni umepungua. Mtu akifariki, andikeni jina lake na mahali alipolazwa, kama ilivyoandikwa kwa Haruni, kwa sababu iko siku watu wa ukoo watauliza.

Tena si barua peke yake. Kambi ya Lugufu ilifungwa mwaka 2009, na wengi wa watu wake wakahamishiwa hapa Nyarugusu. Wako vijana waliozaliwa kule ambao hawakumbuki hata mti mmoja. Nani atawaambia maji yalichotwa wapi, kanisa lilisimama upande gani, nani aliwapokea akina mama walipojifungua? Baba na mama, nunueni daftari moja. Andikeni kijiji mlichotoka, mahali mlipovukia ziwa, kila mahali mlipolala. Pasipotokea jambo, andikeni jina la mahali na kwamba mliamka wazima.

Jumapili hii baada ya ibada, vijana wa kwaya watakaa chini ya mwembe na kalamu. Asiyejua kuandika aje aseme kwa lugha yake, Kibembe, Kifuliru au Kiswahili, nao wataandika kama anavyosema, bila kupamba. Wenye miwani waje nayo.