Kabla ya Kununua Gari Kubwa, Ipimwe Bei Yake Yote

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake. Ama baada ya haya:

Tumeulizwa na baadhi ya ndugu zetu wa Frere Town, wenye kuhudhuria darasa baada ya Magharibi, suala ambalo huenda wengine wakaliona kuwa ni la sokoni tu, lisilohusu dini. Wameuliza: Je, yafaa Mwislamu kununua moja katika haya magari makubwa ya starehe, yaliyonyanyuka juu ya ardhi, kama Harrier, Prado, Lexus au Mercedes? Na akitaka kununua, apime nini kwanza? Sisi twaona kuwa hili ni suala la dini khasa, kwani mtu ataulizwa juu ya mali yake mara mbili: aliichuma wapi, na aliitumia katika nini.

Yatupasa tuanze kwa uadilifu. Gari zuri si haramu. Mtume (s.a.w.) amekihisabu kipando chema, pamoja na nyumba yenye nafasi, mke mwema na jirani mwema, kuwa ni katika mambo ya kumfurahisha mtu hapa duniani. Na alipoulizwa juu ya mtu apendaye nguo nzuri na viatu vizuri, alibainisha kuwa hicho si kibri; kibri ni kuikataa haki na kuwadharau watu. Basi mwenye watoto watano na wazazi wakongwe, akaaye ndani ya Kisauni ambako njia hujaa maji wakati wa masika, akitafuta gari la juu lenye nafasi, hana lawama. Wala hatukubaliani na wanaofanya ufukara kuwa ndio alama ya ucha Mungu. Tunalosema ni moja tu: gari ni halali, lakini bei yake si ile iliyoandikwa kiooni. Asiyeijua bei yote hajapima bado, na asiyepima huenda akauza kitu asichokusudia kukiuza.

Natuanze na hisabu ya shilingi. Gari lililotumika Japani, ili liruhusiwe kuingia Kenya, lisiwe limepita miaka 8 tangu kusajiliwa mara ya kwanza. Likifika Kilindini, thamani yake hukadiriwa na KRA kwa orodha yake yenyewe, si kwa risiti ya mnunuzi. Tuseme thamani hiyo ni shilingi 2,000,000, na injini yake ya petroli imepita cc 1500 lakini haikupita cc 3000. Kwa viwango vilivyoanza mwaka 2023, ushuru wa forodha ni asilimia 35, basi jumla yawa 2,700,000. Juu ya hiyo huja ushuru wa bidhaa wa asilimia 25, yawa 3,375,000. Kisha huja VAT ya asilimia 16, yawa 3,915,000. Na hapo bado ada nyingine za uingizaji na za reli. Gari limekaribia kuwa mawili kabla halijatoka bandarini.

Kisha lataka kulishwa. Gari liendalo kilomita 8 kwa lita moja, likitembea kilomita 40 kwa siku, litakunywa lita 5. Lile dogo liendalo kilomita 16 litakunywa lita 2 na nusu. Katika siku 300 tofauti yao ni lita 750, na bei ya lita hutangazwa kila mwezi na EPRA, ikipanda bila ya kumuuliza mwenye gari. Tena iko bima kubwa, ambayo hukadiriwa kwa thamani ya gari. Yako matairi mapana. Viko vipuri ambavyo fundi wa mtaani hanavyo. Mwenye kuweza kununua si lazima awe mwenye kuweza kuweka. Hapa ndipo wengi wetu hukosea hisabu.

Jambo la pili la kupimwa ni jina. Mwaka 1997 kampuni ya Toyota ilianza kuuza Japani gari liitwalo Harrier. Mwaka uliofuata gari hilo hilo likauzwa Marekani kwa jina la Lexus RX 300. Mwili ulikuwa mmoja. Kilichobadilika khasa ni nembo ya mbele. Ilikuwa hivyo kwa vizazi viwili, mpaka mwaka 2013 Harrier ikatolewa mpya, peke yake. Hatusemi kuwa magari yote ni sawa. Yako yaliyo imara zaidi, na usalama wa abiria ni jambo la kulipiwa. Lakini mnunuzi na aiulize nafsi yake: ile ziada ninayoilipa, nalipia chuma au nalipia macho ya watu? Ikiwa gari hilo lisingeonwa na mtu yeyote, si harusini wala msikitini siku ya Ijumaa, je, ningelitaka bado? Jibu la suala hilo hulijua mwenyewe na Mola wake. Na Qur'ani Tukufu imewafanya wafujaji mali kuwa ndugu wa mashetani, na imewasifu wale ambao katika kutoa kwao hawapiti mpaka wala hawafanyi ubakhili, bali hushika njia ya katikati.

La tatu ni uaminifu wa biashara, nalo twawaambia wauzaji na wanunuzi pamoja. Mtume (s.a.w.) alipita sokoni, akatia mkono ndani ya chungu ya nafaka, akakuta chini ni maji maji na juu ni kavu. Akamkemea mwenye nayo kwa kuuficha unyevu ule, na akabainisha kuwa mwenye kughushi si katika sisi. Leo nafaka ile ni mita ya kilomita iliyorudishwa nyuma, na bodi iliyogongwa ikanyooshwa na kupakwa rangi. Mnunuzi na aitake karatasi ya mnada wa Japani, ambayo huandikwa kilomita za gari na kasoro zake. Alama ya R humo huonyesha kuwa gari liliwahi kugongwa na kutengenezwa. Naye na alipeleke kwa fundi asiyekuwa rafiki wa muuzaji. Na ndugu zetu wenye maduka ya magari wakumbuke kuwa gari la kupanda mtu mwenyewe halina zaka, lakini magari yaliyowekwa kwa kuuzwa ni mali ya biashara, na kila mwaka hutolewa zaka yake asilimia 2 na nusu ya thamani yake.

La nne, nalo ndilo kubwa, ni mkopo. Tuseme mtu amekopa kwa riba shilingi 3,000,000, akawa alipa 90,000 kila mwezi kwa miezi 48. Atakuwa amelipa 4,320,000. Ile 1,320,000 iliyozidi ni riba, na riba imeharimishwa kwa maneno makali mno, hata wale wasioiacha wametangaziwa vita na Mwenyezi Mungu na Mtume wake. Wako wasemao: "Hapana njia nyingine." Njia iko. Tangu mwaka 2008 yako mabenki hapa Kenya, kama Gulf African Bank, yenye kuuza kwa murabaha: benki hulinunua gari, likawa mali yake, kisha humuuzia mteja kwa bei na faida iliyojulikana tangu mwanzo. Lakini jina la murabaha peke yake halitoshi. Mteja na ausome mkataba, na aulize: gari hili likiteketea kabla sijauziwa, khasara ni ya nani? Ikiwa si ya benki, basi benki haikuuza kitu. Na hata deni lililo halali ni deni. Mtume (s.a.w.) alikuwa akiomba kinga kwa deni, akieleza kuwa mwenye deni husema akaongopa, na huahidi akavunja, na aliwahi kujizuia kumswalia maiti mwenye deni mpaka sahaba mmoja alipolibeba.

Sisi wa Frere Town tuna sababu ya kulifahamu hili kuliko wengine. Mji huu uliwekwa na wamisionari wa Kiingereza mwaka 1875 kuwa makao ya watu waliokombolewa utumwani, na kengele iliyoipa Kengeleni jina lake ilikuwa ikipigwa kuwaonya juu ya waliotaka kuwarejesha minyororoni. Watu wale walijua uhuru ni kitu gani. Haipendezi mtu huru, katika ardhi hiyo hiyo, atie sahihi mwenyewe karatasi ambayo kwa miaka minne itamfanya amwogope mwenye kumpigia simu, acheleweshe ujira wa mfanyakazi wake, atoe watoto chuoni kwa kukosa ada, na aahirishe Hija mwaka baada ya mwaka, hali gari lang'aa mlangoni.

Basi shauri letu ni hili. Kwanza yalipwe madeni ya watu na haki za wake, watoto na wazazi. Kisha iandikwe hisabu yote, ya kununua na ya kuweka, na aonyeshwe mke nyumbani na mtu mmoja mwenye busara asiyeogopa kusema la. Kisha mtu aswali rakaa mbili za istikhara. Ikiwa baada ya hayo fedha ya halali yatosha, na haja iko, na moyo haumdharau mwenye kupanda matatu wala mwenye kwenda kwa miguu, na anunue kwa jina la Mwenyezi Mungu, na asimpite jirani yake mzee aliyesimama juani akingoja gari. Na ikiwa hisabu haikutimia, gari dogo lililolipwa lote ni bora kuliko kubwa lenye kumpanda mwenyewe.

Twamuomba Mwenyezi Mungu atutosheleze kwa halali yake tusihitajie haramu, na atuepushe na deni lenye kudhalilisha na mali yenye kutughuri. Amin.