Je, Mfanyakazi Aweza Kuusamehe Ujira Wake?

Neno kibarua lilikuwa kwanza jina la karatasi. Ni barua ndogo. Mtu aliyeajiriwa kwa siku alipewa kikaratasi cha kushuhudia kazi yake, na kwa kikaratasi hicho akadai ujira. Baadaye jina likahama likamwangukia mwenye kukishika. Wanafunzi hukosea hapa kila mwaka: huandika “kibarua kimefika” wakimkusudia mtu. Twawasahihisha kwamba mtu hufika kwa a-, nacho kikaratasi ndicho chenye ki-.

Kisa cha neno hili kinatukumbusha kwamba tangu zamani kazi ilihitaji ushahidi. Ubishi wa zama zetu, hata hivyo, aghalabu ni juu ya saa. Mwaka 1919, Mkataba wa kwanza wa Shirika la Kazi Duniani uliweka kwa wafanyakazi wa viwandani saa 8 kwa siku na 48 kwa juma, na kutaka saa ya ziada ilipwe si chini ya mara moja na robo ya saa ya kawaida. Hapa Uganda, Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 yataja saa 48 kwa juma, na saa ya ziada kulipwa angalau mara moja na nusu. Ikiangukia sikukuu ya taifa, mara mbili. Anayepata shilingi 2,000 kwa saa apewe 3,000, na siku ya sikukuu apewe 4,000. Hesabu hii mtoto wa shule ya msingi aiweza. Ugumu waanza pale mwajiri anaposema, “Lakini alikubali mwenyewe.”

Kauli hiyo iliwahi kupimwa mahakamani, tena mbali na kwetu. Mlinzi wa usiku wa benki moja ya Brooklyn, New York, alifanya kazi kupita saa za sheria kwa muda upatao miaka miwili, baada ya Marekani kupitisha sheria yake ya ujira na saa za kazi mwaka 1938. Hakulipwa nyongeza. Alipokwisha kuacha kazi, benki ilipiga hesabu ikampa dola 423 na senti 16, naye akatia sahihi kwamba hana dai tena. Kumbe sheria ilimpa pia haki ya kiasi kingine kama hicho kwa sababu ya kucheleweshewa chake. Mwaka 1945 Mahakama Kuu ya nchi ile iliamua kwamba sahihi yake haikumfunga. Nguvu za mwajiri na mwajiriwa hazilingani, na haki ile iliwekwa kwa faida ya umma pia. Isitoshe, mwajiri ambaye watu wake “wamemsamehe” angewapita bila haki waajiri wenzake wanaolipa.

Wako watakaoudhika, na nadhani wana hoja. Je, si dharau kumwambia mtu mzima kwamba hawezi kutoa kilicho chake? Twamruhusu kutoa shamba, mbuzi, hata damu hospitalini. Mbona saa mbili za jioni zimshinde? Sipendi kuipuuza hoja hii, maana sheria inayomfanya mtu mzima kuwa mtoto yaweza kumdhuru kwa njia nyingine.

Lakini tulitazame neno tunalolitumia katika shughuli hizi: kujitolea. Kiambishi -ji- hulirudisha tendo kwa mtendaji. Hapana mtu awezaye kujitolea kwa niaba ya mwenziwe, na mkuu wa kazi anayetangaza kwamba “leo tutajitolea hadi usiku” amekwisha kuivunja sarufi kabla hajaivunja sheria. Ili tendo liwe la kujitolea yapasa mtendaji awe angeweza kukataa, na kesho akaikuta kazi yake mahali alipoiacha. Tena anayeziachilia saa zake haachilii zake peke yake. Yuko mwingine langoni, mwenye watoto wanne, ambaye ataambiwa, “Mwenzako alibaki bure, wewe una nini?” Kwa sababu hiyo naona kwamba haki hii haifanani na mbuzi. Yafanana zaidi na kisima cha kijiji: waweza kuacha kuteka, lakini huwezi kukiuza.

Sisi walimu hulalamika sana juu ya madaftari tunayosahihisha usiku, na twastahili kulalamika. Nyumbani, hata hivyo, wengi wetu ni waajiri. Twasema msichana wa kazi ni “kama mtoto wetu”, na neno kama limebeba mzigo mkubwa hapo. Mkataba Namba 189 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 2011, unaohusu wafanyakazi wa nyumbani, unagusa hata muda wa kungojea kuitwa: usipokuwa huru kuutumia upendavyo, huhesabiwa kuwa kazi, kwa kadiri sheria za nchi zitakavyoamua.

Jioni moja nilihesabu saa za dada anayetusaidia. Kuanzia saa 11 alfajiri hadi saa 4 usiku, nikitoa saa 3 za mapumziko, ni saa 14. Kwa siku sita ni 84. Kwa kipimo cha 48, zimezidi kwa 36. Tena sheria ile ya 2006 haitaki juma lipite saa 56, kwa hiyo hata malipo kamili yasingenisafisha. Nilipomwambia, alijibu, “Mwalimu, mimi sijalalamika.” Nilifurahi kwa dakika kadhaa, mpaka nikamkumbuka yule mlinzi na sahihi yake.

Sasa huanza saa 12 asubuhi na kumaliza saa 12 jioni, pamoja na mapumziko yale yale. Ni saa 54, sita zikiwa za ziada. Vyombo vya usiku twaviosha wenyewe, na watoto hawajazoea. Deni la nyuma ninalilipa kwa mafungu. Karibu na mlango wa jiko tumetundika kidaftari, naye huandika saa zake kwa mkono wake. Juma la kwanza aliandika pungufu ya alizozifanya. Ikabidi tuketi tusahihishe pamoja.