Fungueni Boneti, Enyi Mnaopenda Mwendo

Ndugu zangu mnaopenda magari yenye mbio, leo siwasemezi kwa upole. Wiki hii, katika yadi moja ya Nairobi, kuna kijana atakayetoa mkopo wake wote wa sacco ili apewe ufunguo wa Subaru Impreza WRX STI. Ameliona tundu la kuvutia hewa juu ya boneti, ameliona bawa la nyuma na rimu za rangi ya dhahabu. Ameisikia eksozi ikinguruma. Boneti yenyewe hajaifungua. Miezi michache ijayo gari hilo litakuwa juu ya mawe nyuma ya gereji, injini iko chini, na mkopo bado unakatwa kwenye mshahara wake kila mwisho wa mwezi.

Nimechoka kuyaona haya. Amkeni!

Mapenzi yenu siyalaumu. Nchi hii iliyaona magari haya kwa macho yake yakipasua vumbi. Mwaka 1996 Kenneth Eriksson alimaliza wa pili kwenye Safari Rally kwa Impreza, na mwaka 1997 Colin McRae, bingwa wa dunia wa 1995, akaishinda kwa Impreza. Waliokuwa watoto kando ya barabara siku hizo ndio baba na wajomba waliotuambukiza penzi hili. Lakini kumbukeni kilichotokea baada ya vumbi kutua. Timu ya Subaru iliendeshwa na Prodrive ya Banbury, Uingereza, na gari lilipofika kituo cha huduma mafundi walilivamia: huyu yuko chini anabadilisha shokabu, yule anakagua mabomba, mwingine anapima oili. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Sisi tumeuchukua mwendo wa McRae tukawaacha mafundi wake barabarani.

Kwa hiyo hubiri langu linaanzia mfukoni. Ukiwa na milioni mbili, usinunue gari la milioni mbili. Tafuta la milioni moja na laki sita, na zile laki nne zisiguswe na rimu wala spika. Gari la namna hii lililokwisha tumika huja na madeni ya aliyekutangulia: belti iliyopitisha muda wake, bushi zilizolegea, klachi inayoteleza, matairi mawili ya aina hii na mawili ya aina ile. Madeni hayo yatalipwa, na atakayeyalipa ni wewe. Kama laki nne hizo huna, dada yangu, kaka yangu, subiri. Endesha Axio yako mwaka mmoja zaidi, uendeshe kwa raha, huku ukiweka akiba.

Sasa tuzungumze kuhusu injini yenyewe. Injini ya gari hili, iitwayo EJ, ina silinda nne zilizolala ubavu, mbili kushoto na mbili kulia, na mlalo huo ndio unaoshusha uzito wa gari karibu na lami. Mngurumo mnaoupenda unatokana na mabomba ya eksozi yasiyolingana urefu, moshi wa upande mmoja ukichelewa kuufikia wa upande wa pili. STI nyingi za soko la Japani za miaka ya 2000 zina mabomba yanayolingana. Hazingurumi vile, na mbio zake hazijapungua hata kidogo. Basi acheni kununua gari kwa mngurumo. Jifunzeni sauti nyingine, ile ya beringi ya konrodi inapoanza kugonga: ko, ko, ko, kavu, inayofuata mzunguko wa injini na kuongezeka unapokanyaga mafuta kidogo. Ukiisikia ukiwa barabarani, egesha na uzime hapo hapo. Usijidanganye kwamba utafika nyumbani. Ita gari la kuvuta, maana kila dakika ya ziada inamaliza krenki ambayo pengine ingeokolewa.

Na chanzo cha kugonga huko, mara nyingi mno, ni oili. Nasema oili, ndugu zangu, na nitasema tena. Turbo huzunguka zaidi ya mara laki moja kwa dakika, na kinachoizuia isisagike ni utando mwembamba wa oili. Injini nzima hubeba lita nne na ushei tu. Kati ya alama ya chini na ya juu kwenye kijiti cha kupimia kuna takriban lita moja. Ukifika alama ya chini, karibu robo ya oili yako imekwisha, na bado wewe unaingia kona za Limuru kwa kasi! Kwenye kona kali oili inakimbilia upande mmoja, pampu inavuta hewa, na chuma kinakutana na chuma. Injini hizi zinakula oili, hasa zikiendeshwa kwa nguvu. Kila fundi anayezijua atakuambia. Hivyo usingoje taa nyekundu kwenye dashibodi. Taa ile huwaka presha ikiwa imeshaanguka, yaani madhara yameshaanza.

Pima kila unapojaza mafuta. Egesha mahali tambarare, zima, subiri oili iteremke. Vuta kijiti, kifute kwa kitambaa safi, kirudishe hadi mwisho, ukivute tena, kisha ukisome pande zote mbili. Kwenye Subaru upande mmoja mara nyingi husoma juu kuliko mwingine. Wewe amini ule unaosoma chini. Badilisha oili kila kilomita 5,000, iwe ya sinthetiki kamili, ya namba iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari, na iwe imenunuliwa kwa mtu mwenye duka na risiti. Oili ya kopo lililojazwa upya ipo sokoni, na bei yake ya kuchekesha ndiyo itakayoitambulisha kwako.

Filta ya zamani isitupwe kabla haijazungumza. Mwambie fundi aikate kwa mkasi wa bati, aitoe ile karatasi ya ndani iliyokunjwakunjwa, aikamue na kuitandaza juani. Igeuze polepole. Weusi mtupu ni masizi, hauna neno. Ukiona chembe zinazometameta, chukua sumaku uzisogelee. Zinazonaswa ni za chuma. Zisizonaswa, zenye rangi ya shaba au fedha, huenda zimetoka kwenye beringi, na hapo ndipo unapofungua injini ukiwa bado na injini ya kufungua. Kazi hiyo ni ya dakika kumi. Sijui kwa nini watu wanaolipa maelfu kwa stika hawana dakika hizo kumi. Umwulize fundi pia kuhusu kichujio kidogo cha wavu kilichofichwa kwenye bolti ya bomba la oili linalokwenda kwenye turbo. Baadhi ya injini hizi zinacho, na kikiziba turbo hukauka na kufa huku oili kwenye injini imejaa.

Petroli nayo, na hapa mniache nipaze sauti. STI ya Japani ya lita 2.0, yenye nguvu za farasi 280 kwenye makaratasi, ilitengenezewa petroli ya daraja la juu ya huko, ambayo oktani yake hufika 100. Petroli ya kawaida ya vituo vyetu iko chini ya hapo. Mafuta yasiyostahimili mgandamizo hulipuka ndani ya silinda kabla ya wakati wake, na mlipuko huo hupiga pistoni vibaya. Kompyuta ya gari hujitetea kwa kuchelewesha cheche, lakini ina mpaka wake. Zile STI za lita 2.5 zilizouzwa nje ya Japani zimejulikana dunia nzima kwa pistoni zinazomeguka kingo zinazoshikilia ringi. Nairobi, juu ya hayo, iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, kwa hiyo turbo inalazimika kuzunguka kwa kasi zaidi kuliko Mombasa ili itoe presha ile ile. Halafu anakuja mtu na laptopu barazani kwako, anakuahidi kuongeza presha ya turbo kwa saa moja! Mfukuze. Anayestahili kuigusa kompyuta ya gari lako ni yule anayekuonyesha rekodi za kugonga kwa mafuta na mchanganyiko wa hewa na petroli, kabla na baada ya kazi, na ambaye jambo la kwanza analopendekeza ni kulipunguzia gari nguvu ili lilingane na petroli unayoijaza. Toa farasi ishirini, ubaki na injini.

Belti ya taimingi haihitaji maneno mengi. Kiwango ni kilomita 100,000, na kwenye gari usiloijua historia yake kiwango ni leo. Ikikatika, valvu zinakutana na pistoni na hakuna cha kuokoa. Badilisha pamoja na puli zake, tenshena na pampu ya maji, maana puli iliyokwama huitupa hata belti mpya.

Matairi je? Gari hili linaendesha magurudumu yote manne kwa pamoja. Ukinunua matairi mapya mawili ukabakiza mawili yaliyolika, magurudumu ya mbele na ya nyuma yanazunguka kwa kasi tofauti, na difu ya katikati inafanya kazi muda wote hata kwenye barabara iliyonyooka, mpaka iungue. Tofauti ya mzingo kati ya tairi na tairi isizidi milimita sita hivi. Nunua manne, ya aina moja, siku moja. Na breki zitangulie kila kitu kinachoongeza mwendo. Narudia: padi, diski na maji ya breki kabla ya eksozi, kabla ya turbo. Usiku wa manane kwenye Thika Road kuna mama anayevuka akitoka kuuza mahindi, na kuna bodaboda asiye na taa ya nyuma. Hao hawajui kwamba una farasi 280. Kama huwezi kusimama, huna haki ya kukimbia. Wenye hamu ya kujua mwisho wa nguvu za gari lao waitafute siku ya mashindano, uwanja uliofungwa, kofia kichwani.

Mheshimuni fundi. Usimpigie fundi kelele kwa sababu amekataa kukufungia spea ya mtumba. Usikimbilie Kirinyaga Road kutafuta beringi isiyo na jina ili uokoe elfu tatu kwenye injini ya laki kadhaa. Mpe muda, mlipe, kaa naye gereji ujifunze, na uandike kila kazi kwenye daftari: tarehe, kilomita, kilichobadilishwa. Siku ukiuza, daftari hilo litakuuzia kuliko rangi.

Kwa wewe unayetaka kununua, kumbuka sheria ya Kenya: gari lililotumika haliruhusiwi kuingia likiwa limepita miaka minane tangu liliposajiliwa mara ya kwanza. Subaru nayo ilifikisha injini ya EJ20, ile EJ ya lita 2.0, mwisho wa safari mwaka 2019, kwa toleo la mwisho la magari 555 kwa soko la Japani. Hesabu mwenyewe. Mlango wa bandarini unafungwa, na STI utakazoziona ni zile zilizokwisha kupita mikononi mwa wamiliki wawili, watatu, wanne hapa hapa. Kama muuzaji anasema liliingia kutoka mnadani Japani, omba karatasi ya mnada. Itafute herufi R kwenye alama ya daraja: inamaanisha liligongwa likatengenezwa. Linganisha kilomita za kwenye karatasi na za dashibodi, kwa sababu mita hurudishwa nyuma. Omba logbuku na risiti za gereji. Muuzaji asiye na hata risiti moja ya oili anakuuzia mbuzi kwenye gunia.

Kisha nenda ukalitazame. Nenda asubuhi na mapema, na fundi wako, siyo wake. Mwambie muuzaji tangu jana yake asiliwashe, umwambie waziwazi, kwa sababu injini yenye joto huficha mengi: pistoni zilizolika hutulia, moshi wa bluu wa oili hupungua, na turbo iliyochoka huonekana nzima. Mkifika, usiombe ufunguo. Weka kiganja juu ya boneti. Ikiwa baridi, fungua, vuta kijiti cha oili, fungua kifuniko cha radieta utazame maji yana rangi gani, na hapo ndipo fundi awashe, wewe ukiwa umesimama nyuma ya eksozi. Mwombe apime kompresheni ya silinda zote nne na muuzaji alipwe muda wake. Ukikuta boneti ina joto, mshike muuzaji mkono, muage, uondoke.