Degedege si kazi ya jirani

Sifa zote njema anastahiki Allah (SW), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (SAW).

Ndugu Waislamu, msimu wa mvua hapa Songea huja na malaria. Watoto wawili wa nyumba moja huugua siku moja. Mmoja anameza dawa, baada ya siku chache yuko uwanjani. Mwenzake anashikwa na degedege, anapoteza fahamu. Hapo maneno huanza mtaani: nani kamroga? Na anayeandamwa mara nyingi ni bibi kizee asiye na mtetezi.

Tutafakari. Suratul Qamar, aya ya 49, inatufundisha kuwa Allah (SW) hakuumba chochote pasipo kipimo. Kipimo hicho kimo hata ndani ya mishipa yetu ya damu. Ukuta wake wa ndani umetandikwa seli, na juu ya seli hizo mna vipokezi, mithili ya vitasa mlangoni. Seli hazilingani kwa idadi ya vipokezi, hata zilizo jirani.

Mwaka 2013 watafiti waliochunguza vimelea vya watoto wa Tanzania walionesha kuwa vile vinavyohusishwa na malaria kali hung'ang'ania kipokezi kiitwacho EPCR, ambacho husaidia kuzuia damu isigande ovyo. Mwaka huohuo, utafiti wa Malawi, majirani zetu wa Ziwa Nyasa, ulionesha kuwa katika mishipa ya ubongo kipokezi hiki ni haba. Hicho kidogo nacho kikizibwa, ulinzi hupungua na ubongo hudhurika. Ongeza tofauti za kinga na za vimelea, utaona kwa nini ndugu wawili hawaugui sawa.

Hatusemi uchawi haupo, Qur'an imeutaja. Tunasema kumtuhumu mtu bila ushahidi ni dhulma, na Suratul Hujurat, aya ya 12, imekwisha tuonya juu ya kudhaniana mabaya.

Mzazi mwenzangu, Mtume (SAW) alituamuru tujitibu. Dua ni silaha ya muumini, lakini isome ukiwa njiani kwenda hospitali. Usimweke mtoto ndani ukingoja kombe huku saa zinapita. Mtoto ni amana, na heshima ya yule bibi pia ni amana. Zote mbili tutaulizwa.

Wabillahi tawfiq.