Juma Moja la Darasa la Kwanza

Tangu kengele ya Jumatatu asubuhi hata ile ya Ijumaa mchana, mwalimu wa darasa la kwanza huwa mgawaji wa mali isiyoonekana. Mali hiyo si silabi wala tarakimu, kwa kuwa silabi iliyoandikwa ubaoni humtosha kila mwenye macho, na haipungui kwa kusomwa na wengi. Mali ipunguayo ni nadhari ya mwalimu: jicho lake, sikio lake, na dakika anazosimama kando ya mtoto mmoja kumwongoza mkono. Kila apewapo mmoja, mwingine hunyimwa. Kwa hiyo kazi ya darasani, ambayo aghalabu hudhaniwa kuwa ni ufundi tu, imo katika milki ya maadili. Na swali lake ni la kale: kitu kisichotosha kigawanywe vipi ili kila mtu apate haki yake?

Hesabu yake ni fupi. Kanuni ya Tanzania Bara ni watoto 45 kwa mwalimu mmoja. Katika kipindi cha nusu saa kila mtoto angepata sekunde 40, ikiwa mwalimu hatasema na darasa zima hata neno moja. Ziko shule ambazo chumba kimoja hupokea watoto 90 au zaidi, na hapo fungu hushuka hata sekunde 20. Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Yamkini aliyetunga methali hiyo alikuwa na samaki mmoja mkononi.

Na tulitazame juma lenyewe. Jumatatu ni silabi: ba, be, bi, bo, bu. Jumanne vizibo vya chupa na vijiti humwagwa juu ya madawati, watoto wakahesabu na kujumlisha. Jumatano ni mwandiko. Alhamisi ni hadithi, na "Paukwa!" ya mwalimu hujibiwa "Pakawa!" kwa shangwe itikisayo mabati. Ijumaa ni jaribio. Mtaala wa darasa la kwanza na la pili ulipofanywa upya mwaka 2015, nguvu iliwekwa katika kusoma, kuandika na kuhesabu. Shauri hilo lilikuwa jema, maana lilimpunguzia mtoto mzigo. Lakini kupunguza masomo si kuongeza masikio.

Jambo listahililo kufikiriwa zaidi katika juma hilo ni kuitikia kwa pamoja. Mwalimu huelekeza kijiti kwenye silabi, na vinywa 90 hutoa sauti moja. Kisha huuliza, "Mmeelewa?" Jibu huja bila kusita, "Ndiyo, mwalimu!" Sauti hiyo ni tamu, nayo ina faida yake: humpa moyo mwenye haya, na ulimi hujizoeza. Lakini ni pazia vilevile. Nyuma yake hukaa mtoto ambaye midomo yake hufuata ya jirani kama kivuli kifuatavyo mti. Hajui kuwa anadanganya, kwa sababu amefundishwa kwamba kuitika ndiko kusoma. Mwalimu naye hakukusudia kudanganywa. Hapana mwongo chumbani, na hata hivyo ukweli umepotea. Huenda hilo ndilo baya zaidi kuliko uongo wa mtu mmoja, kwa kuwa mwongo hukamatwa, na mapatano ya wema wa watu wengi hayakamatwi. Hufika Ijumaa, karatasi ikawa tupu, na karatasi tupu ikaitwa uvivu.

Wako wasemao haki ni usawa, kila mtoto apate sekunde zake 20 na neno liishie hapo. Aristotle alikwisha kuonyesha kwamba kuwatendea sawa wasio sawa kwaweza kuwa dhuluma. Mtoto aliyekuta vitabu nyumbani na yule ambaye herufi ya kwanza aliiona ubaoni hawadai kitu kimoja. Wako wengine wasemao mwepesi asicheleweshwe, kwa kuwa yeye ndiye atakayelipa jamii faida kubwa. Hoja hii si ya kudharauliwa: mtoto mwepesi naye ni mtoto, na kuchoshwa siku tano mfululizo ni madhara. Ila hasara hizo mbili hazina uzito mmoja. Mwepesi akikosa nadhari juma hili hupoteza hatua. Mzito asipoijua herufi hupoteza njia, maana masomo yote ya baadaye hupitia mlango huo.

Dawa itumiwayo mara nyingi ni kumketisha mwepesi karibu na mzito amfundishe. Ni desturi nzuri, nayo huwafaa wote wawili kwa kiasi. Lakini ikiwa ya kila siku, mtoto wa miaka sita au saba amefanywa mwalimu asiye na mshahara, na deni la watu wazima limehamishiwa begani mwake.

Deni hilo ni la nani? Azimio la Musoma la mwaka 1974 liliamua kwamba kila mtoto apate elimu ya msingi ifikapo 1977. Mwaka 2001 ada ya shule za msingi iliondolewa, na 2016 michango ya lazima ikafutwa. Kila mara watoto walimiminika, na kila mara ilikuwa haki waingie. Kumfungulia mtoto mlango ni ahadi, na ahadi hiyo hailipwi kwa nafasi ya kuketi peke yake. Mwalimu hawezi kudaiwa asichoweza; aliyeahidi ndiye adaiwaye kwanza. Hata hivyo, mwalimu hubakiwa na kitu kidogo kilicho chake: kuchagua.

Na aache kuitikiwa kwa dakika kumi kila siku, amsikilize mtoto mmoja mmoja akisoma neno moja, watoto kumi kwa siku. Mpaka Ijumaa atakuwa amewasikia 50, na 40 watangoja juma lijalo. Akifuata daftari la mahudhurio, jina ndilo litakaloamua nani angoje. Akifuata mikono iliyoinuliwa, watasikika wale wanaojua. Basi Jumatatu, kabla ya chaki, hana budi kutazama madawati ya nyuma na kuita jina la kwanza.